Anza na Watu

Siku ya ibada ya kumuaga babu yangu hapa Kampala, wanaume wenye suti walisimama mbele mmoja baada ya mwingine kumsifu. Mmoja alisema babu ndiye mkurugenzi aliyezifungulia biashara njia ya Juba. Mwingine alisema alikuwa na jicho la soko. Wa tatu, ambaye nina hakika hakuwahi kunywa hata chai nyumbani kwetu, alimwita jabali la uchukuzi. Mimi nilikuwa benchi la mbele na tumbo la miezi minane, miguu imevimba, na hasira nayo imevimba. Nilitaka kusimama niwaulize kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona akingoja.

Maana kungoja ndiko kulikokuwa kazi yake. Alivuka mpaka kutoka Magharibi mwa Kenya akiwa kijana wa kuandika stakabadhi za mizigo, akapanda cheo kwa cheo hadi akawa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya malori yaliyobeba bidhaa kutoka Mombasa hadi Kampala, na kutoka Kampala hadi Sudan na Kongo. Siku hizo hakukuwa na simu za mkononi. Lori likishatoka getini limetoka, na habari zake utazijua likirudi. Basi babu hakuondoka kazini kabla lori lililotarajiwa siku hiyo halijaingia. Wakubwa wenzake walikuwa klabuni wakinywa. Yeye alikuwa getini kwenye bohari, kule eneo la viwanda, amekalia kiti chake cha kuzunguka alichokisukuma mwenyewe kutoka ofisini.

Dereva akiingia hakuruhusiwa kuoga wala kula kabla ya kusimama mbele yake na kutoa ripoti. Wageni walianza na mzigo, wakidhani ndicho tajiri anachotaka kusikia: mifuko yote imefika, hakuna kilicholowa. Babu aliwakatiza. "Mzigo nitauliza mwenyewe. Anza na watu." Hapo dereva alianza upya: watu salama, gari salama, mzigo salama. Watu ni yeye mwenyewe, msaidizi wake, ambaye wao walimwita taniboi, na yeyote aliyepewa lifti njiani. Na ukisema watu salama, taniboi sharti aonekane kwa macho.

Kisha likafuata jambo lililowachekesha madereva miaka yote. Dereva wa mwisho kuingia ndiye aliyepewa funguo za gari la babu amwendeshe hadi nyumbani Kyebando, hata akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Aliyengojewa amfikishe aliyemngoja, babu alisema, na hapo hakuna mjadala. Bibi yangu alipika kila jioni chakula cha mtu mmoja zaidi bila kujua atakuwa nani. Mimi nilikulia nyumba hiyo. Nilizoea kumkuta mezani mtu mgeni ananawa mikono, ametoka mbali, anaona haya kugusa vijiko vyetu.

Mimi si mtu wa kungoja. Mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua koti, na tangu hapo sijabadilika. Foleni ikiwa ndefu naondoka. Chai ikichelewa kuchemka naizima. Kwa hiyo babu alipostaafu akaja na kile kiti chake nyumbani, akakiweka karibu na geti, nilijua tutagombana. Uwanja wetu una mteremko, kiti kikawa kinateremka naye polepole kuelekea kwenye banda la kuku. Akachukua bisibisi akang'oa magurudumu yote. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeingia nyumbani bila kutoa ripoti. Nikitoka dukani kwangu Wandegeya nimechoka, nauza vitambaa kutwa nimesimama, nilitaka kupita moja kwa moja nikavue viatu. Wapi! "Anza na watu," alisema, na ilinibidi nianze.

Bibi alipofariki, mapenzi yote yaliyobaki aliyamwaga kwa binti yangu. Alikuwa na miaka sita wakati wa mambo ninayoyasimulia. Baba yake ni Muganda na alikuwa kazini Mbarara, kwa hiyo mtoto alimwita babu yangu Jjajja, yaani babu kwa Kiganda, kama wenzake wote wa mtaa. Kila asubuhi mzee aliyekuwa akitia sahihi mikataba mikubwa alisimama kwenye meza ya kupigia pasi, akanyoosha sketi ya shule mkunjo kwa mkunjo, na ole wako umguse. Alivaa tai. Alimpeleka shule kwa gari lake la kijivu na alasiri akamfuata. Mtoto akitoka darasani alisimama kwenye dirisha la gari akasema: watu salama, begi salama, sweta salama. Sweta mara nyingi haikuwa salama, wakarudi wote wawili kuitafuta.

Halafu akaanza kupotea kidogo kidogo. Aliweka birika jikoni bila maji. Aliniita kwa jina la bibi, akajirekebisha, akaniita tena. Jumamosi moja alikwenda Kalerwe sokoni kununua nanasi, akarudi kwa miguu na nanasi lake kwapani, akasema gari limeibiwa. Nilikimbia huko nikalikuta lilipoegeshwa, mlango wa dereva wazi, na muuza nanasi akililinda. "Nyabo, mzee yako alitoka tu akaenda," aliniambia, akiniita mama kwa Kiganda. "Mimi naita, naita, yeye hasikii." Nilimshukuru. Kisha nikakaa ndani ya lile gari nikalia, maana niliona wazi kinachokuja.

Nikamwambia mama tumnyang'anye funguo. Mama ni binti yake wa pekee, na alinitazama kana kwamba nimesema tumnyang'anye nguo. "Baba yangu aliendesha kampuni nzima," akasema. "Wewe unataka akae nyumbani kama mtoto aliyefukuzwa shule?" Nikasema sitaki akae popote, nataka mtoto wangu asiwe ndani ya gari hilo. Tuligombana kwa kunong'ona wiki nzima, jikoni, sebuleni, hata kanisani wakati wa matangazo. Mama aliona ni utovu wa adabu. Mimi niliona anafumba macho kwa makusudi kwa kuwa anaogopa. Tulikuwa sahihi wote wawili, nadhani, ila mtoto alikuwa wangu.

Ijumaa hiyo asubuhi nilisimama mbele ya geti na kusema haliendi gari. Babu alikuwa tayari kwenye usukani, binti yangu nyuma, mkanda umefungwa. Alishusha kioo akatabasamu. "Fungua, mama. Lori ya Juba haijaingia, nina siku ndefu leo." Nilidhani ananitania, maana alipenda kutania kwa mambo ya kazi. Mama akatoka na kanga yake begani, hakunisemesha, akanisogeza kando na kufungua geti mwenyewe. Nilikwenda dukani nimenuna na kukata kitambaa cha mteja vibaya.

Alasiri mama akapiga simu. Sauti yake ilinipa jibu kabla sijauliza. Hawajarudi. Shule ilishafungwa, mwalimu anasema Jjajja alikuja mapema kuliko siku zote, amevaa tai, akamchukua mtoto. Simu ya babu ilikuwa nyumbani kwenye chaji. Nikamwambia mama neno moja baya ambalo sitalirudia hapa. Kisha nikafunga duka nikakimbilia steji ya bodaboda. Dereva mmoja alikuwa akinibebea mizigo kila wiki. Nikamrukia nyuma kabla hajaniuliza ninakokwenda.

Kalerwe kwanza. Sokoni hapapitiki jioni, boda inapita kati ya matoroli na marundo ya ndizi za matooke, na mimi nachungulia kila gari la kijivu. Muuza nanasi alitikisa kichwa. "Leo hajakuja, bambi, pole." Mama akapiga tena: amempigia mama mmoja muuza samaki kule Ggaba ziwani, ambako babu alipenda kumpeleka mtoto Ijumaa kumwona sangara mkubwa akikatwa. Hawapo. Mama alianza kulia kwenye simu, na mimi badala ya kumbembeleza nikamwambia alie baadaye. Ziwa lilinijia mawazoni, na barabara ile ya kuteremka kwenda majini, na babu akiuliza breki iko upande gani.

Dereva wa boda akageuka. "Twende wapi sasa, nyabo?"

Kampala ni vilima na vilima, na kila bonde lina barabara zake. Nilijaribu kufikiri kama babu na nikakuta sijui anafikirije siku hizi, na hilo lilinitisha kuliko mengine yote. Kisha nikayasikia maneno yake ya asubuhi. Lori ya Juba haijaingia. Nikampiga boda begani. "Eneo la viwanda. Haraka, lakini usituue."

Bohari ya zamani ya kampuni yake siku hizi ni ghala la vigae. Ukuta ni uleule, geti wamelipaka bluu. Nililiona gari la kijivu kutoka mbali. Lilikuwa limesimama kwa upana mbele ya geti, limeziba njia yote, na nyuma yake, kwa ndani, lori la vigae linapiga honi bila kukoma. Watu walishakusanyika. Askari wa geti, mtu mrefu mwenye bunduki ya zamani begani, alikuwa akigonga kioo cha dereva kwa kiganja. Babu alikuwa ndani, wima, mikono kwenye usukani, milango yote imefungwa. Binti yangu alikuwa kiti cha nyuma na begi mapajani. Vioo vilikuwa juu vyote na jua la jioni lilikuwa linampiga usoni. Nywele zake zilikuwa zimelowa jasho.

"Nyabo, hii mzee ni yako?" Askari alinirukia. "Hii mzee iko na shida gani? Tangu mchana anafunga geti. Loli yangu inataka kutoka, yeye anasema hakuna kutoka mpaka ingine iingie. Ingine gani? Bosi anafukuza mimi kazi leo!"

Nilikimbilia kwenye kioo. "Babu! Fungua mlango! Babu, ni mimi!"

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa ya upole, yale ya kumpokea mgeni asiyemjua. "Mama, ofisi imefungwa," alisema kupitia kioo. "Rudi Jumatatu asubuhi, watakusaidia." Akatazama tena barabarani.

Sijawahi kuumia namna ile. Nilipiga kioo kwa ngumi zote mbili, nikapiga kelele, nikamwambia huyo ni binti yangu, afungue sasa hivi. Akaudhika. Akashusha kitufe cha mlango ambacho kilikuwa kimeshashuka. Nyuma binti yangu alikuwa anasema kitu, sikukisikia kwa honi, nikaona tu midomo yake na kwamba alikuwa amechoka kulia zamani. Alilaza kichwa kwenye kioo na kufumba macho.

"Basi, mimi navunja," askari akasema. Alishusha bunduki begani, akaigeuza, akaenda upande wa nyuma na kuinua kitako chake juu ya kioo kile kile. Nilimshika mkono. Nilimning'inia, ndiyo ukweli, kama mtoto kwenye tawi. "Usipige! Atakatwa usoni! Nipe dakika, ssebo, nakuomba!"

"Dakika gani? Mtoto anakufa na joto!"

"Nipe hiyo moja!"

Nikarudi barabarani. Watu walidhani nimekimbia, mwanamke mmoja akanizomea. Nilimvua dereva wa boda helmeti nikaivaa mimi, nikamwambia anifuate na asiseme neno mpaka aulizwe. Kisha tukaingia kutoka barabarani kwa miguu, polepole, kwa jinsi madereva walivyokuwa wakiingia nilipokuwa mdogo, na hiyo ndiyo hatua ngumu kuliko zote nilizowahi kutembea, maana kila kiungo changu kilitaka kukimbia. Nikasimama mbele ya dirisha la babu, mikono ubavuni.

"Nimerudi, mzee."

Akanitazama juu chini. Aliiona helmeti, aliyaona matope ya Kalerwe kwenye viatu vyangu. Uso wake ukafunguka kidogo. "Wewe ndiye wa Juba?"

"Ndiyo, mzee."

Akashusha kioo. Nilisikia hewa ya moto ikitoka. Ningeweza kutia mkono ndani kunyakua funguo, na mkono ulishaanza kwenda. Nikaurudisha.

"Anza na watu," alisema.

"Watu salama, mzee. Gari salama. Mzigo salama."

"Taniboi yuko wapi? Simwoni."

Nyuma yangu dereva wa boda akasogea, akavua kofia aliyovaa ndani ya helmeti. "Niko hapa, mzee," akasema. "Mimi mzima."

Babu alimkagua kwa makini toka kichwani hadi miguuni. "Kuna mwingine hajarudi?"

"Hakuna, mzee. Mimi ndiye wa mwisho," nikajibu.

Akashusha pumzi ndefu sana. Nilimwona akilegea kwenye kiti, mabega, shingo, mikono ikiteleza kutoka kwenye usukani. Alikuwa amechoka, maskini, alikuwa akilinda watu tangu mchana. Kisha akachomoa funguo na kunipa kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukishika kiwiko, kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa mimi mjukuu wake. "Twende nyumbani basi. Mama ameweka chakula."

Nilifungua mlango wa nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Binti yangu aliniangukia akiwa amelowa jasho mwili mzima, na mwanamke aliyenizomea ndiye aliyeleta chupa ya maji. "Mama, nilimwambia," mtoto alisema akinywa. "Nilimwambia watu salama, mara nyingi. Akasema mimi ni abiria, ripoti ni ya dereva." Askari aliitundika bunduki begani na kukaa chini ukingoni. Aligeuza uso asionekane akijifuta macho.

Niliendesha. Babu alikaa kushoto, amefunga mkanda vizuri. Tulipofika karibu na Kalerwe alisema bila kunitazama, "Umekawia sana. Nilidhani mmekufa huko."

"Pole, mzee."

"Mke wako anajua umefika? Mpigie kwanza."

Nikasimamisha gari pembeni nikampigia mama. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali njia nzima. Yaliyotoka yalikuwa matatu tu, watu salama, mama, na sote wawili tukalia hadi magari ya nyuma yakatupigia honi.

Mama hakuniomba msamaha na mimi sikumwomba. Asubuhi iliyofuata alinipa funguo mbele ya babu, kwa sauti ya kawaida, akasema dereva wa jana ndiye atakayekaa nazo. Babu aliitikia kwa kichwa, akarudi kupiga pasi sketi ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Hakuziulizia tena. Alasiri zote zilizobaki alikaa kwenye kiti chake kisicho na magurudumu, na mimi nilijifunza kusimama mbele yake bila kuvua viatu na bila kunung'unika, hata siku alizoniita dereva. Siku alizoniita kwa jina langu nilitembea kama niliyepewa zawadi.

Alifariki mwaka uliofuata, baada ya chakula cha mchana, kitandani, shati limepigwa pasi. Kwetu mtu hurudishwa kwao, hata akiwa ameishi ugenini maisha yake yote, kwa hiyo ilibidi avuke mpaka wa Busia kwenda kuzikwa kando ya wazazi wake. Daktari alinikataza safari. Nilimtukana, lakini nilitii. Baada ya ile ibada ya mapambo ya maneno, msafara ukaondoka Kyebando alfajiri: gari la jeneza mbele, basi la waombolezaji nyuma, mama na binti yangu ndani yake. Mume wangu alikwenda nao. Mimi nikabaki na geti.

Nilikaa kwenye kiti chake. Nilisema nitakaa kidogo tu. Majirani walikuja wakaniambia niingie ndani nilale, nikawajibu vibaya. Nilifikiria matrela ya barabara ile, mvua ya msitu wa Mabira, foleni ya mpakani, mtoto wangu amelala kwenye kioo cha basi. Mtoto aligonga tumboni, mgongo ukaniuma, na sikuweza kuondoka. Hapo ndipo nilipojua alichokuwa anakifanya miaka yote ile getini. Hakuna alichokuwa anakifanya. Alikuwa anaogopa tu, na amekataa kuogopa akiwa ameketi mahali pengine.

Jua lilikuwa limeshaelekea Nansana, upande wa magharibi, simu ilipolia. Alikuwa binti yangu, kwa simu ya mama. Nyuma yake nilisikia wanawake wakilia na jogoo wa kijijini.

"Mama, tumefika."

"Anza na watu," nikasema.

"Watu salama. Basi salama." Nilimsikia akivuta kamasi. "Mama, Jjajja nimtaje wapi? Mpakani yule mtu wa ofisi aliandika ni mzigo."

Nilishika mkono wa kile kiti.

"Jjajja ni watu," nikamwambia. "Rudia. Anza naye."